Kigarimoshi cha Bati na Bei Iliyo Haki

Ndugu msomaji, juma hili ukurasa wetu unaacha habari za jiko na bustani, unageukia kitu kidogo ambacho katika nyumba nyingine hukaa juu ya kabati kikikusanya vumbi, mpaka ifike siku ya shida ambapo mtu hukitazama upya na kujiuliza kingeleta shilingi ngapi. Nasema juu ya vigarimoshi vya mvuke vilivyotengenezwa kwa mkono, kwa bati, waya na lehemu.

Nilikuwa Lunyo kwa kazi za ofisi. Mama mmoja, ambaye mumewe ni askari polisi aliyepangiwa kituo cha mbali, aliniita barazani pake. "Mwalimu," akasema, "mfanyabiashara wa kutoka Busia amekuja mara mbili anakitaka hiki. Nami ada ya shule haijatimia. Nikiuze au nisikiuze?" Akaniwekea mezani kigarimoshi chenye urefu wa mkono wangu, tangu kiwiko hadi ncha za vidole. Kilitengenezwa na baba mkwe wake, aliyekuwa mchochea moto wa reli huko Tororo. Bei aliyotajiwa ilitosha kununua kuku wawili.

Swali hilo si lake peke yake. Familia za askari huhama mara kwa mara, na aghalabu vitu vya namna hii huuzwa kwa haraka siku ya kufunga mizigo. Basi nayatoa hapa majibu niliyompa, ili yawafae na wengine.

Kwanza, jua ulicho nacho. Reli haipiti Lunyo. Hupita kaskazini, kutoka Malaba hadi Tororo, na hapo Tororo hugawanyika: njia moja yaelekea Jinja na Kampala, na nyingine yaelekea Mbale na Soroti. Njia ya Soroti ilikamilika mwaka 1929, na treni zilifika Kampala mwaka 1931. Kwa miaka mingi kazi yote ya njia hizo ilifanywa na injini za mvuke, mpaka zile za dizeli zilipozipokonya nafasi. Sisi tuliozaliwa baadaye hatukuziona zikivuta mabehewa. Kwa hiyo mzee aliyeuchochea moto wake, anapoketi na mkasi wa bati kuitengeneza injini aliyoifahamu, hatengenezi mchezo wa mtoto tu. Anaweka kumbukumbu kwa mikono yake.

Pili, ipime kazi kwa macho. Hesabu magurudumu. Injini kubwa kuliko zote katika Reli za Afrika Mashariki zilikuwa za aina ya 59. Zilijengwa 34 na kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, na zilipewa majina ya milima. Mbili kati yake, Mount Gelai na Mount Shengena, zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Injini hiyo ina magurudumu 28, yaani 14 kila upande, na boila, lile pipa la kuchemshia maji, limebebwa katikati. Lakini injini ndogo zaidi za aina ya 31, zilizopewa majina ya makabila, zilikuwa na magurudumu 14 tu, saba kila upande, bila kuhesabu yale ya kibehewa cha maji na mafuta kilichofuata nyuma.

Tazama pia kama fundi ameweka rundo la makaa ya mawe. Wengi hudhani kwamba injini zote za mvuke zilikula makaa, kumbe zile za aina ya 59 zilichoma mafuta mazito. Fundi aliyeiga picha ya kitabu cha Ulaya ataweka makaa. Aliyefanya kazi nazo ataweka tangi la mafuta.

Kisha chukua rula, upime nafasi iliyopo kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja. Ikiwa nafasi hiyo kwenye kigarimoshi ni sentimita 5, basi kila sentimita yake yasimama mahali pa sentimita 20 za injini halisi. Kama sehemu nyingine zinalingana na kipimo hicho, fahamu kwamba aliyekitengeneza alipima na hakukisia.

Tatu, bei. Hapa ndipo tunapokosea sana, wanunuzi na wauzaji pamoja. Mnunuzi huona makopo, naye hutoa bei ya makopo. Muuzaji, kwa kuwa bati aliliokota, huona haya kudai zaidi. Lakini bati ndiyo sehemu iliyo rahisi kupita zote. Tuseme fundi alitumia siku 20, na kibarua wa shamba hulipwa shilingi 10,000 za Uganda kwa siku. Siku hizo peke yake ni shilingi 200,000, kabla hujahesabu lehemu, mkaa wa kupashia chuma, rangi, na tupa iliyolika meno. Atakayelipa shilingi 40,000 amemlipa fundi ujira wa siku nne, na zile 16 amezichukua bure.

Kadhalika, kwetu mpakani taja ni shilingi ya nani kabla ya kutaja ni ngapi. Shilingi ya Kenya na ya Uganda hazilingani thamani, na mtu anayesema "elfu tano" bila kueleza zaidi amejiachia mlango wa kutokea. Andikeni hati ya mauzo, hata kwenye karatasi ya daftari: tarehe, kiasi, na jina la aliyekitengeneza. Na jina hilo liandikwe pia chini ya kigarimoshi chenyewe, kwa msumari ikibidi. Kitu cha mkono kisicho na jina huuzwa kama takataka. Chenye jina na historia huweza kutafutiwa mnunuzi anayekijua.

Nne, na jambo hili nawasihi akina mama na akina baba msilifanyie mzaha: uliza kama kigarimoshi chatembea kwa mvuke wa kweli. Vingi vya kwetu havitembei hivyo. Husukumwa kwa mkono au kuvutwa kwa kamba, na havina hatari hiyo. Lakini mara moja moja kijana hodari hujaribu kuchemsha maji ndani ya kopo lililozibwa. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, na kopo lisilo na pa kupumulia hupasuka kama bomu. Lehemu ya kawaida ya risasi na bati huyeyuka kwenye joto la nyuzi 183 hivi, nalo boila lililokaukiwa maji juu ya moto hulifikia joto hilo upesi. Kigarimoshi kisicho na vali ya kupunguzia mvuke kisiwashwe kamwe, wala kisiuzwe kwa mwenye watoto pasipo kumwonya. Na kwa kuwa lehemu hiyo ina risasi iliyo sumu, mtoto mchanga anayetia kila kitu kinywani asipewe.

Yuko atakayesema kwamba kazi ya bati ni ya kimaskini na haiwezi kufika mbali. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani, mashuhuri duniani kwa treni ndogo, ilianza mwaka 1859 kwa kutengeneza vyombo vya jikoni vya bati vya kuchezea watoto wa kike. Treni zake zenye reli zilionyeshwa katika maonyesho ya biashara ya Leipzig mwaka 1891. Walianza na bati lile lile. Tofauti ni kwamba walipata wanunuzi waliolipa bei iliyowawezesha kutengeneza kingine.

Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu kwa upole: "Mwalimu, muulize mwenyewe. Yuko nyuma ya nyumba."

Hapo nilinyamaza, maana nilikuwa na sababu. Miaka sita iliyopita, nikiwa mgeni katika wilaya hii, nilinunua kigarimoshi kwa mzee huyo huyo. Nilibishana naye hadi akashusha bei mara tatu, nami nikaenda zangu nikijisifu kwa werevu. Sikumwuliza siku alizotumia.

Nikaenda, nikamwamkia, nikamwuliza. "Kile chako?" akasema. "Kilikuwa siku 18." Hakusema kwa hasira. Alikuwa akizijua kama mtu anavyojua umri wa watoto wake. Akanieleza kwamba baada ya hicho alitengeneza kimoja tu, hiki kilicho mezani kwa mkwewe, naye hakukikusudia kuuzwa. Alikitengeneza kwa ajili ya wajukuu. Kuhusu ada akasema mkwewe ndiye mwenye nyumba, na aamue mwenyewe, ila asikubali bei ya kuku.

Mshahara ulipotoka nilirudi Lunyo na salio la siku zake. Sikujua kama angelipokea. Alilipokea, akalihesabu mbele yangu noti moja moja, akasema, "Sasa tumemalizana." Sehemu ya fedha hizo alimpa mkwewe papo hapo kwa ajili ya shule. Kigarimoshi kingali mezani, na yule mfanyabiashara ameambiwa kwamba akikitaka sana, na aje na hesabu ya siku.

Ndugu msomaji, ukiwa na kitu cha namna hii nyumbani, kipanguse vumbi leo. Kama aliyekitengeneza yu hai, mwulize siku zake, uziandike. Na ukiwa wewe ndiwe mnunuzi, umwulize kabla hujafungua kinywa kutaja bei.