MAONI YETU: MUHURI WA TAWI USIGONGWE HAPA

Juma hili imeletwa karatasi moja mezani petu. Ni ya ukurasa mmoja, imepigwa chapa kwa Kiingereza, na chini yake pana alama ya dole gumba la mama mmoja, mwanachama wetu, muuza ndizi kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Lori la mizigo lenye tela liliacha njia likapanda ukingoni alipokuwa ameketi na tenga lake. Mguu wake wa kulia umekatwa chini ya goti. Karatasi yasema kwamba amepokea Sh. 400,000/-, na kwamba yeye, wanawe na warithi wake hawatadai kitu kingine chochote kwa mwenye gari wala kwa kampani ya bima, leo na siku zote. Mama huyu hajui Kiingereza. Aliambiwa kwamba ni hati ya kupokelea fedha ya dawa.

Hayo peke yake yangetosha kumkasirisha mtu yeyote. Lakini lililotufanya tuandike leo ni jambo lingine lililo juu ya karatasi ile ile: muhuri wa tawi letu. Katibu wa tawi aliitwa hospitali awe shahidi. Akaenda, akatia sahihi, akagonga muhuri. Tumemwuliza, naye hakuficha neno. Alidhani anamsaidia mama apate fedha upesi, kabla mwenye lori hajageuza nia. Hakula hata senti moja. Na hilo ndilo linalotuuma zaidi, maana mla rushwa tungemfukuza na mambo yakaisha; lakini kutojua huku ni kwetu sote, na sisi wa gazeti hili tusingeweza kumsahihisha kama tusingekwenda kwanza kuuliza kwa wanaojua sheria. Tuliyoambiwa huko twayaandika hapa, ili asiwepo katibu mwingine wa kusema hakujua.

Wananchi wengi huchanganya mashauri mawili. Polisi wakimshitaki dereva kwa kuendesha gari kwa hatari, hiyo ni kesi ya Serikali. Dereva akitozwa faini, faini ile yaingia katika mfuko wa Serikali. Aliyevunjika mguu hapati kitu. Mara ngapi tumeona watu wakitoka mahakamani wakisema, "Basi, kesi imekwisha," kumbe kesi ya majeruhi haijaanza hata kidogo! Hiyo ya pili ni shauri la madai, nalo hulifungua majeruhi mwenyewe, dhidi ya dereva na dhidi ya tajiri wake pia, kwa kuwa kosa la dereva aliye kazini humrudia aliyemwajiri. Na kesi ya kwanza humfaa sana katika ya pili: dereva akiisha kuonekana ana hatia, na muda wa rufani ukapita, hukumu ile ni ushahidi ambao tajiri hawezi kuupuuza. Kwa hiyo ndugu wa majeruhi asitoke mahakamani kabla ya kuuliza namba ya kesi na namna ya kupata nakala ya hukumu.

Hapa twataka tuseme neno juu ya madereva wenyewe, maana hatuna ugomvi nao. Dereva wa lori ni mfanyakazi kama wafanyakazi wengine, na mara nyingi ajali huanza mbali na usukani, katika ofisi ya mtu aliyemwambia afike Tunduma kesho la sivyo kazi hana. Yeye na utingo wake nao huumia. Basi wajue kwamba Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilileta Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, na mfanyakazi aliyeumia kazini halazimiki kuthibitisha kwamba tajiri wake ana kosa. Tajiri atakayesema "huyu si mwajiriwa wangu, ni kibarua tu" aulizwe ni nani aliyekuwa akimlipa kila safari.

Tuje kwenye bima. Sheria ya Bima ya Magari yamlazimisha kila mwenye gari kukata bima kwa ajili ya mtu baki atakayeuawa au kuumizwa barabarani. Bima hii hakukatiwa tajiri ili alale usingizi. Imewekwa kwa ajili ya muuza ndizi. Mahakama ikiisha kutoa hukumu juu ya mwenye gari, kampani ya bima ndiyo inayopasika kulipa deni lile, mradi imearifiwa juu ya shauri kwa wakati unaotakiwa. Siku hizi mtu akiwa na namba ya gari aweza kuuliza katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima akajua lina bima au halina, na ni ya kampani gani. Basi jambo la kwanza kwa kijana aliyefika pale ajali ilipotokea, baada ya kumwokoa majeruhi, ni kuandika namba. Aandike namba mbili, ya kichwa cha lori na ya tela, maana pengine zina wenyewe wawili. Na lori likiwa la Zambia au la Kongo, majeruhi asikate tamaa: magari hayo yapaswa kuwa na Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo nchi yetu imo katika mpango wake ijapokuwa tulitoka COMESA mwaka 2000, na madai hushughulikiwa hapa hapa nchini na si lazima kuyafuata Lusaka.

Pana shimo moja ambalo wengi hutumbukia. Ni la wale wanaopanda juu ya magunia, kwa lifti au kwa kumpa dereva vijisenti. Waingereza walipoanza kulazimisha bima kwa sheria yao ya mwaka 1930, hawakumlazimisha mwenye gari kumkatia bima abiria aliye ndani ya gari lisilochukua abiria kwa malipo, na makoloni yao yaliandikiwa sheria kwa mfano huo. Ndiyo maana wakili wa kampani ya bima huanza na swali moja: huyu alikuwa juu ya lori kama nani? Dai juu ya dereva na mwenye lori laweza kuwapo hata hapo, lakini njia yawa ndefu na fedha yawa mbali. Vijana wetu wanaokwenda minadani juu ya mizigo walisikie hili.

Jambo la wakati ni zito kuliko yote. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 yampa mtu aliyeumizwa miaka 3 ya kufungua shauri la namna hii. Miaka 3 huonekana mingi kwa mtu mzima wa afya. Kwa mtu aliyelala miezi hospitali, akarudi nyumbani akangoja kidonda, akangoja mguu wa bandia, akaambiwa na mwenye lori "njoo mwezi ujao, kampani inashughulikia," miaka hiyo huisha bila kujua. Tumeambiwa kwamba wapo wanaotumia ahadi kama jembe, wakichimba taratibu mpaka siku ya mwisho ipite. Ahadi ya mdomo haisimamishi siku. Majeruhi aende polisi apate fomu ya PF3, atunze kila risiti ya dawa, ya nauli, ya gongo la kutembelea, maana hasara ya namna hiyo mahakama hutaka ithibitishwe kwa hesabu. Maumivu na kupotewa na kiungo ndiyo hakimu huyakadiria mwenyewe. Na akiwa amekufa, ukoo usikae ukilia tu: wateue msimamizi wa mirathi na mahakama imthibitishe, ndipo wajane na watoto wapate mlango wa kuingilia. Huko Uingereza kwenyewe, kabla ya mwaka 1846, mjane wa mtu aliyeuawa kwa uzembe wa mwingine hakuweza kudai chochote. Kuumiza kulikuwa na gharama kuliko kuua. Magari ya moshi yalipozidi kuua watu ndipo sheria ikabadilishwa. Hata huko haki hii haikushuka kutoka mbinguni.

Sasa, nani atamwandikia majeruhi hati yake? Hapa ndipo penye aibu yetu. Kandokando ya wodi za hospitali wamo watu wanaojua habari za ajali kabla ya ndugu wa majeruhi. Huja na kalamu na kidau cha wino. Wengine ni wajumbe wa mwenye lori, wengine ni madalali wa kesi, ambao humtia mgonjwa sahihi kwamba wao ndio watakaomfuatilia fidia, na siku fidia ikitoka yeye hupewa kijisehemu. Wao wanafika. Sisi, wenye matawi na mabalozi katika kila nyumba kumi, hatufiki. Au twafika na muhuri.

Na msaada upo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa kuwasaidia bure wasio na uwezo, na wasajili wasaidizi wako katika mikoa na halmashauri. Mwananchi akiuliza ofisi ya maendeleo ya jamii au ustawi wa jamii ataelekezwa. Wako wasaidizi wa kisheria vijijini, ambao hawaruhusiwi kusimama mahakamani lakini waweza kumfahamisha mtu haki yake na kumpeleka kwa wakili. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikifanya kazi hii tangu mwaka 1995. Tangu 2023 Serikali imepeleka mawakili mikoani katika kampeni ya Mama Samia. Ugomvi ukiwa na kampani ya bima yenyewe, yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye hamtozi mlalamikaji. Lakini mama aliyelala kitandani hatatoka na gongo moja kuyatafuta haya yote. Lazima mtu amwendee.

Wazee wetu watakumbuka kwamba chuo kikuu cha nchi hii kilianza Oktoba 1961 kwa wanafunzi 14, wote wa sheria, na masomo yalifanyika katika jumba la TANU mtaa wa Lumumba. Nchi ilikuwa haina wanasheria wazalendo wa kutosha hata kujaza benchi moja, na chama kikatoa nyumba yake ili wapatikane. Leo mawakili ni maelfu. Twawauliza walio wanachama wetu: katika mwaka mmoja, ndugu, huwezi kumtetea majeruhi mmoja bila ujira? Sheria ilizaliwa katika nyumba ya chama. Si ajabu kama tukiiomba ije mara moja moja matawini.

Serikali nayo tunalo la kuiomba. Aliyegongwa na lori lililokimbia bila kujulikana, au lisilo na bima, atamdai nani? Afrika Kusini wana mfuko unaotokana na tozo juu ya mafuta ya magari, ambao huwalipa hata wa namna hiyo. Hatusemi tuunakili ulivyo, maana wenyewe umeandamwa na madeni na gharama za kesi. Lakini malori yanayopeleka mizigo Zambia na Kongo yanywa mafuta mengi, na walio kando ya barabara hawapati katika safari hizo ila vumbi na hatari. Wakati Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi huko Rhodesia, Novemba 1965, nchi yetu iliifungua barabara hii kwa ajili ya ndugu zetu wa Zambia, ikiwa bado ya udongo, hata madereva wakaiita njia ya jehanamu. Tulifanya vema, na tungefanya tena. Sehemu ndogo ya faida ya leo na iende kwa waliopoteza viungo. Wabunge wetu walichukue neno hili.

Tumerudi kwa mama. Tumeonyesha karatasi yake kwa wakili, akaisoma mara mbili. Hakutuahidi ushindi. Alisema kwamba Sheria ya Mikataba, ambayo katika jambo hili yafuata ile ya India ya mwaka 1872, humtazama kwa namna ya pekee mtu aliyekubali jambo wakati akili yake imelemewa na ugonjwa au maumivu, na aliyetumia udhaifu huo aweza kutakiwa athibitishe kwamba hakumdhulumu. Tena karatasi ilikuwa kwa lugha asiyoijua, siku ya nne baada ya kukatwa mguu. Mapatano yaweza kuvunjwa. Lakini akatutazama, akasema, "Kitakachonisumbua ni huyu shahidi wenu. Watasema chama chake kilikuwapo na kilikubali."

Katibu yule amekubali kwenda mahakamani kueleza, mbele ya watu, kwamba aligonga muhuri bila kuisomewa karatasi. Si jambo dogo kwa mtu wa umri wake na cheo chake, nasi twampa heshima yake.

Kuanzia juma hili makatibu wote wa matawi yaliyo kando ya barabara, kutoka Chalinze hadi Tunduma, wasigonge muhuri juu ya hati yoyote ya kumaliza madai ya ajali isipokuwa majeruhi amesomewa kwa Kiswahili na mwanasheria asiye wa mwenye gari. Walio na hati kama hizo zilizokwisha kugongwa walete nakala katika ofisi ya wilaya, pamoja na tarehe ya ajali na namba za gari. Za miaka 3 iliyopita zije kwanza. Zile ambazo siku zake zimebaki chache zisingoje posta. Mtu apande basi azilete kwa mkono.