Pingamizi Dhidi ya Zana za Bure Darasani

Sensa ya Agosti 2022 ilipokwisha, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa nchini Tanzania viligawiwa kwa walimu. Vifaa vipo mikononi mwao. Hata hivyo, ukitaja kufundishia shule ya msingi kwa zana za bure za mtandaoni, zile ambazo mtoto anagusa, anabadilisha na kuona kinachotokea, utajibiwa kwa pingamizi zile zile. Nyingi hazisimami, nami nazijibu kwa sababu wanaoumia ni watoto.

“Shule yetu haina intaneti.” Hili ndilo hutangulia, na ndilo jepesi kuliko yote. Chukua PhET, mradi wa mazoezi ya mtandaoni wa Chuo Kikuu cha Colorado ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyekuwa ameshinda Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka mmoja kabla. Kila zoezi lake ni faili moja. Mwalimu analipakua mara moja kwa bando lake akiwa mjini, na tangu hapo linafunguka bila mtandao wowote. Kolibri, programu ya shirika la Learning Equality, inakwenda mbali zaidi: kompyuta moja inahifadhi masomo yote, na vifaa vingine shuleni vinayachukua kutoka kwayo kwa Wi-Fi ya hapo hapo. Umeme ni kikwazo kizito zaidi ya intaneti, ila kishikwambi kilichochajiwa usiku hakishindwi kumaliza kipindi.

“Watoto watachezea tu.” Hapa nataka tuingie darasani. Andika ubaoni 1/3 na 1/4, uliza ipi ni kubwa. Wengi watasema 1/4, kwa kuwa 4 inaizidi 3. Ukiwaambia kwamba asili ikiongezeka sehemu inapungua, wataandika, watakariri, na kwenye mtihani watarudia kosa lile lile. Sasa fungua zoezi la sehemu la PhET. Kuna duara lililogawanywa, kipande kimoja kina rangi. Kiasi ni 1, asili ni 3. Usibonyeze bado. Uliza: tukiifanya asili kuwa 4, kipande kitakua au kitapungua? Kila mtoto achague upande na aseme kwa nini. Waache wabishane. Kisha mwite mmoja wa waliosema kitakua, abonyeze mwenyewe. Duara linagawanyika upya na kipande kinasinyaa mbele ya macho yake. Nenda 5, 6, mpaka 8, kila mara wakikisia kwanza. Halafu badilisha duara liwe mstari wa namba, waone kwamba 1/8 imesogea karibu na sifuri.

Ule ubishi wa kabla ya kubonyeza ndio somo lenyewe. Mtoto amekisia, amejaribu, ameona, amerekebisha wazo lake. Kama huko ni kucheza, basi vipindi vyetu vinahitaji mchezo mwingi zaidi. Wapo watakaosema chungwa linatosha kuonyesha sehemu. Mwenye chungwa na alikate, ni jambo jema sana. Lakini chungwa likishakatwa vipande vitatu halirudi kuwa zima ili ligawanywe tena kwa nne.

“Lazima kila mtoto awe na kifaa chake.” Fikra hii imechelewesha mengi. Kenya, kwa mfano, iliahidi kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza mwaka 2013. Vishikwambi vilianza kufika shuleni mwaka 2016. Somo la sehemu nililolieleza linahitaji kifaa kimoja tu: kikiwa na projekta vizuri, kisipokuwa nayo watoto wakae kwa makundi wakipokezana.

“Zote ni za Kiingereza.” Kwa shule za msingi za serikali Tanzania, zinazofundisha kwa Kiswahili, pingamizi hili lingekuwa zito kama lingekuwa kweli. African Storybook ina hadithi za bure za Kiswahili zilizopangwa kwa ngazi za usomaji. Baadhi ya mazoezi ya PhET yametafsiriwa. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam linawafundisha watoto hisabati kwa Kiswahili tangu 2014. Na programu zilizoshindanishwa vijijini Tanga katika Global Learning XPRIZE zilitengenezwa kwa Kiswahili, kisha zikaachiwa huru zitumiwe na yeyote.

Huko Tanga ndiko pia wanakochota hoja wanaohofia kwamba mashine itamwondoa mwalimu. Ni kweli: watoto wapatao 2,700 walipewa vishikwambi bila mwalimu, na baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilishuka kwa nusu. Lakini wengi wao hawakuwa wamewahi kusoma shule; walikuwa wakianza karibu na sifuri. Tazama upande wa pili, Peru, ambako serikali iligawa kompyuta ndogo katika shule za vijijini. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 haukuona nafuu yoyote katika hisabati wala lugha. Kifaa kilifika, ufundishaji haukubadilika. Anayeuliza swali kabla ya kubonyeza ni mwalimu.

“Cha bure kina hila.” Baadhi, ndiyo, na wazazi wana haki ya kuhoji. Ziko programu zinazojilipa kwa taarifa za watoto au kwa matangazo. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na shule haziko nje ya sheria hizo. Zana inayomtaka mtoto ataje jina, tarehe ya kuzaliwa au namba ya simu ya mzazi iachwe. PhET haimtaki mtoto ajisajili.

Kinachobaki ni muda wa mwalimu kujiandaa, na hicho nakikubali bila ubishi. Jumuiya za kujifunza za MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ni mahali pa kuanzia: katika kikao kimoja walimu wa hisabati wanaweza kulipitia zoezi la sehemu, kukubaliana maswali ya kuuliza kabla ya kubonyeza, na kunakiliana faili.