Mwinamo wa Mlima na Udanganyifu wa Wastani

Mwanafunzi wa kidato cha sita mjini Moshi akipewa mpindo wa y = x² na kuambiwa atafute tanjenti na nomali pale ambapo x ni 3, hujibu bila kusita. Mwinamo ni 2x, yaani 6. Tanjenti ni y = 6x − 9. Nomali inakatana na tanjenti kwa pembe mraba, hivyo mwinamo wake ni −1/6. Atapata alama zote. Lakini mwulize mwinamo huo unamweleza nini kuhusu mlima anaouona kila asubuhi, au kuhusu bei ya sukari dukani, naye atakutazama kama mtu aliyeulizwa swali nje ya mada.

Nadai kwamba ukimya huo ni jambo la siasa. Tumeichukua mojawapo ya fikra kubwa kabisa ambazo binadamu amewahi kuzipata, tukaigeuza kuwa kanuni ya kukariri, tukaifundisha kwa lugha ambayo wengi wa wanafunzi wetu hawaotei ndoto, na tukaiweka kwenye madarasa ambayo vijana wengi wa nchi hii hawayafikii. Kisha tunashangaa kwamba raia wanadanganywa kwa takwimu.

Tuanze na mlima wenyewe. Kutoka Moshi mjini hadi kilele cha Kibo, chenye mita 5,895, unapanda takribani mita 5,000 katika umbali wa kilomita 30 hivi ukipimwa kwenye ramani. Wastani wake ni mita moja ya kupanda kwa kila mita sita. Nambari hiyo ni sahihi, na haina faida kwa mtu yeyote anayepanda. Mashamba ya chini yana mteremko wa upole. Changarawe za Kibo zinamrudisha mpandaji hatua moja nyuma kwa kila mbili anazopiga. Anayejua wastani peke yake hajui mahali popote pa mlima huo.

Tanjenti inaponya ugonjwa huu. Chukua nukta mbili kwenye mpindo, chora mstari unaozipitia, kisha isogeze nukta ya pili kuelekea ile ya kwanza. Mwinamo wa mstari huo utaendelea kubadilika hadi utulie kwenye nambari moja. Nambari hiyo ndiyo mwinamo wa mpindo mahali pale pale uliposimama. Mengine yote, pamoja na kanuni za kuteremsha vipeo, ni njia za mkato za kufikia jambo hilo moja.

Wachagga waliochimba mifongo walilifahamu jambo hili kwa miguu na macho. Sisemi kwamba walikokotoa kalkulasi. Nasema walitatua tatizo ambalo kalkulasi hulieleza. Kwenye mteremko, ukifuata tanjenti ya mstari wa kontua, hupandi wala hushuki, maji yatasimama. Ukifuata nomali ya mstari huo, unateremka kwa ukali kuliko upande mwingine wowote. Maji yatakimbia na udongo pamoja. Mfongo unaotoa maji mtoni na kuyapeleka vihambani lazima uiache tanjenti kidogo tu, kiasi cha maji kutembea bila kula kingo. Mtoto wa Marangu au Machame hukua akiruka mifongo hiyo. Akifika darasani, tunamfundisha tanjenti na nomali kana kwamba zimeletwa kwa meli.

Sasa tutazame gharama ya ujinga huu. Ramani ya mwaka 1912 inaonyesha kwamba barafu ya Kilimanjaro ilifunika takribani kilomita 12.1 za mraba. Mwaka 1953 zilibaki 6.7, mwaka 1976, 4.2, mwaka 1989, 3.3, mwaka 2000, 2.6. Mwaka 2002, Lonnie Thompson na wenzake waliandika katika jarida la Science kwamba, hali ya hewa ya miaka 88 iliyotangulia ikiendelea, barafu hiyo ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na barafu ipo. Wapo waliodakia hapo kutangaza kwamba mabadiliko ya tabianchi ni hadithi za wazungu. Wapo pia waliokuwa wameuhubiri mwaka 2020 kama siku ya kiama, na sasa wamenyamaza.

Makundi yote mawili yangenusurika kwa hesabu ya kidato cha sita. Kati ya 1912 na 1953 mlima ulipoteza takribani kilomita 0.13 za mraba kila mwaka. Kati ya 1989 na 2000 ulipoteza takribani 0.06. Mpindo ulikuwa unalala. Ukitumia wastani wa miaka yote 88, barafu iliyobaki mwaka 2000 ingeisha karibu na 2024. Ukitumia mwinamo wa miaka 11 ya mwisho, ingefika karibu na 2041. Barafu ni ile ile, mlima ni ule ule, na majibu mawili yametofautiana kwa miaka 17 kwa sababu ya mstari uliochaguliwa. Na asifurahi anayekana: vipimo vya mwaka 2011 vilionyesha kilomita 1.76 tu, maana yake kasi ilikuwa imepanda tena hadi karibu 0.08 kwa mwaka, na asilimia 85 ya barafu ya 1912 ilikuwa imekwisha. Tanjenti husema ukweli karibu na nukta yake. Ukiirefusha mno, inakuwa ramli.

Uchumi nao una mpindo wake. Mwaka 2012 mfumuko wa bei nchini ulikuwa wastani wa asilimia 16. Mwaka 2013 ulishuka hadi karibu asilimia 8. Raia alisikia redioni kwamba "mfumuko umeshuka", akaenda sokoni Mbuyuni akitarajia bei kupungua, akarudi akiamini serikali imemdanganya. Mfumuko ni mwinamo wa mpindo wa bei. Mwinamo uliposhuka kutoka 16 hadi 8, mpindo uliendelea kupanda, ila kwa ukali mdogo zaidi. Msemaji asiyelieleza hilo, na raia asiyeweza kulidai, wote ni mazao ya darasa lile lile.

Najua nitakachojibiwa. Kwanza, kwamba kalkulasi ni ya wahandisi. Basi nanyi watumishi wa umma mnaoandika taarifa za robo mwaka mkilinganisha nukta mbili na kuita tofauti yake "mwelekeo", mnafanya kazi ya nani? Pili, kwamba Kiswahili hakina istilahi. Makala haya yametumia mwinamo, mpindo, nukta na pembe mraba, na pale neno lilipokosekana tumesema tanjenti na nomali, kama Waingereza walivyoyachukua yao kutoka Kilatini bila kuomba radhi. Tume ya Rais ya mwaka 1982, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Serikali ililikataa pendekezo hilo, na tangu hapo kila kizazi kimelipa. Tatu, kwamba mtihani ndio unaotaka kanuni. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa kuwa mtihani hautungwi na malaika. Anayetunga swali la y = x² anaweza pia kuuliza: hii hapa barafu ya miaka mitano tofauti; kasi ilikuwa kubwa lini, na kwa nini usiamini mstari mmoja?

Wanafunzi, dai maana kabla ya kanuni. Mwalimu akiandika mwinamo ubaoni, mwulize ni mwinamo wa nini. Wanaharakati, mkiletewa wastani wa taifa, ulizeni hali ikoje Rombo, ikoje Same, na inaelekea wapi leo. Watumishi wa umma, acheni kuficha ukali wa mahali chini ya upole wa wastani. Nchi haipandi kwa wastani. Kila mmoja wetu hupanda pale aliposimama, na wengine wamesimama kwenye changarawe.