Elimu ya nyuklia: Ndoto ya vijana wa Ngoingwa na kinu kisichojengwa

KILA matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, wazazi katika mtaa wa Ngoingwa, viungani mwa mji wa Thika, hukabiliwa na swali lile lile: mtoto aliyefaulu Hisabati na Fizikia asomee nini chuo kikuu? Uhandisi wa umeme na ule wa ujenzi umezoeleka. Lakini tangu serikali ianze kuzungumzia kawi ya nyuklia, pamezuka njia nyingine inayovutia kwa jina lake na kutisha kwa gharama yake.

Swali hilo si la kupuuzwa. Shahada ya uhandisi huchukua miaka mitano, na kwa familia inayotegemea duka, kiwanda au shamba, hiyo ni miaka mitano ya karo na deni la mkopo wa HELB. Anayemaliza akakosa kazi hana wa kumrudishia miaka hiyo.

Historia ya mpango wenyewe inafaa kuangaliwa kwa makini. Kenya ilijiunga na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki mwaka 1965. Kamati ya kushughulikia umeme wa nyuklia iliundwa mwaka 2010, ikageuzwa kuwa bodi mwaka 2012, kisha Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 ikazaa shirika la NuPEA. Kwa muda mrefu wakuu walitaja mwaka 2027 kuwa wakati wa kuwasha kinu cha kwanza. Baadaye tarehe hiyo ikasogezwa hadi 2034. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kaunti ya Kilifi, waliandamana kupinga kinu hicho kujengwa kwao, na mwaka uliofuata macho ya serikali yakaelekezwa Siaya, kando ya Ziwa Victoria.

Ni bayana basi kwamba tarehe za mpango huu hazina uhakika. Kijana anayeingia chuoni kwa kuutegemea mwaka uliotajwa na mwanasiasa anajenga juu ya mchanga.

Hata hivyo, itakuwa makosa kuhitimisha kwamba elimu yenyewe haina faida. Kinu cha nyuklia si fizikia ya atomi pekee. Tatizo lake kubwa la kila siku ni uimara wa vitu vilivyotumika kukiunda. Chembe za nyutroni hugonga chuma cha kinu mwaka baada ya mwaka, na chuma hicho hupoteza unyumbufu wake na kuwa chepesi kuvunjika. Mafuta ya urani hufungwa ndani ya mirija ya aloi ya zirkoniamu kwa kuwa madini hayo huziachia nyutroni zipite. Lakini zirkoniamu ikipata moto kupita kiasi hushikana na mvuke na kutoa haidrojeni. Haidrojeni hiyo ndiyo iliyolipua majengo ya vinu vya Fukushima, Japani, mwaka 2011.

Elimu ya kujua kwa nini chuma huchoka, hupata kutu au hupasuka huitwa sayansi ya nyenzo, nayo haihitaji kusubiri kinu. Viwanda vya Thika hutumia matangi ya mvuke yanayopaswa kukaguliwa. Ruiru kuna kiwanda cha chuma. Huko Olkaria, mvuke unaotoka ardhini hubeba gesi na madini yanayokula mabomba na kuyaziba. Mafundi wanaopima maungio ya mabomba kwa miali hutumia ujuzi ule ule wa mionzi unaofundishwa katika somo la nyuklia.

Isitoshe, mionzi imekwisha kufika jirani. Katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kandokando ya jiji la Nairobi, upo mtambo wa kutengeneza dawa zenye mionzi zinazotumiwa kuchunguza saratani. Mitambo ya aina hii inahitaji wataalamu wa kuiendesha, kuikarabati na kulinda usalama wa wagonjwa na wahudumu.

Nafasi za masomo nazo zipo. Chuo cha JKUAT kilichoko Juja, si mbali na Ngoingwa, hufundisha uhandisi wa mitambo na ule wa madini na nyenzo. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa na taasisi ya sayansi ya nyuklia tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na Wakenya kadhaa wamepelekwa Korea Kusini kwa shahada ya uzamili. Kasoro ni kwamba Kenya haina hata kinu kidogo cha utafiti, ilhali Kongo ilikuwa nacho Kinshasa tangu 1959 na Ghana ikapata chake katika miaka ya 1990. Mwanafunzi anayesoma kinu vitabuni tu ni sawa na dereva ambaye hajawahi kushika usukani.

Aidha, serikali inayowasomesha vijana ng'ambo ina deni la kuwaeleza watafanya kazi gani wakirejea. Bila kinu na bila maabara, wengi watavutwa na nchi zinazoujua umuhimu wao, na fedha za mlipa ushuru zitakuwa zimewanufaisha wengine.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa mzazi wa Ngoingwa, busara ni kumwelekeza mtoto kwenye shahada pana ya kwanza, iwe ya mitambo, umeme au nyenzo, kisha nyuklia ifuate katika uzamili. Kinu kikijengwa, atakuwa tayari. Hata katika kinu chenyewe, wafanyakazi wengi si wahandisi wa nyuklia bali ni wa mitambo, umeme na kemia. Kisipojengwa, viwanda vya Thika na visima vya Olkaria bado vitamhitaji.