MAMA, USIIRUDISHE HIYO POSA

1.
Mama unayesoma huku unanyonyesha, dada uliyebanana kwenye mwendokasi, naomba dakika tano. Mimi ni nesi, nimetoka zamu ya usiku, nikikosea herufi mnisamehe. Leo nina hasira. Kuna posa imerudishwa Kariakoo wiki hii. Sababu? "Wote wawili wana wasiwasi. Watazaa nini hao?"

2.
Hao wawili nawajua. Nimebadili mambo kadhaa ili wasitambulike, msihangaike kuwatafuta.

Binti anauza vifaa vya ushonaji ghorofa ya pili. Tarehe 16 Novemba 2024 lile ghorofa la Kariakoo lilipoporomoka, yeye alikuwa mtaa wa jirani. Hakuumia hata kidole. Ila tangu siku ile, gari likishusha mzigo kwa kishindo moyo unamwenda mbio, mikono inakufa ganzi, anaona anakufa.

Kijana ana fremu chini ya jengo hilohilo. Yeye hofu anayo tangu shule. Kapima moyo mara kadhaa, kila mara anaambiwa "moyo mzima, nenda nyumbani".

Siku moja akamkuta binti kakaa kwenye ngazi, hapandi wala hashuki. Hakumuuliza "una nini wewe?" Alikaa ngazi mbili chini yake akasema, "Na mimi huwa nashikwa hivyo. Vuta pumzi taratibu, tuhesabu wote." Mapenzi yao yalianzia hapo. Mpaka leo kijana akifika kwao usiku anatuma ujumbe "nimefika" bila kukumbushwa, maana anajua mwenzake halali mpaka auone.

3.
Watu wanaona Kariakoo ni jiji. Mimi nawaambia ni kijiji chenye maghorofa. Ukilia asubuhi dukani, mchana mama lishe anajua, jioni shangazi yako Mbagala kapigiwa simu. Ndivyo ilivyokuwa. "Yule binti ana majini." "Yule kijana si mzima, ukoo wao uchunguzwe."

Jina Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Miaka mia na zaidi imepita, bado tunabebeshana mizigo.

4.
Hivi wasiwasi ni nini? Kila mtu anao, na unatusaidia. Bila huo usingeshika mkono wa mtoto ukivuka Msimbazi. Unakuwa ugonjwa pale mwili unapopiga kengele ya hatari wakati hatari haipo, tena mara kwa mara, mpaka mtu anashindwa kulala, kufanya kazi au kutoka nje. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa wakiishi nao. Wote hao wamelogwa?

5.
"Watoto watarithi." Tuseme ukweli: ndiyo, huwa unatembea kwenye familia, na uwezekano unaongezeka. Kuongezeka si kwamba lazima mtoto aupate. Kisukari nacho kinatembea kwenye familia, presha pia. Nani amewahi kurudisha posa kwa sababu baba wa bwana harusi ana kisukari? Halafu mtoto hujifunza hofu kwa kututazama sisi watu wazima. Mzazi anayejua kutuliza pumzi zake atamfundisha na mwanawe.

6.
"Nani atamshika mwenzake?" Hili swali ni la maana, silipuuzi. Hatari ipo. Wawili wenye hofu wanaweza kulindana mpaka wakajifungia ndani. Yeye haendi sokoni, mume anamwendea. Mume haendi msibani, mke anamwombea udhuru. Inaonekana ni upendo, lakini hofu ukiikwepa kila siku inanenepa.

Niliwaambia hivyo usoni. Kijana sasa hambebei mzigo binti akabaki chini. Wanapanda wote, wakifika katikati yeye anasimama, binti anamalizia mwenyewe. Ndoa ngapi za watu "wazima" zina ushirikiano huo?

7.
Kuna mama wengine nao wanakosea upande wa pili. "Muozesheni haraka, ndoa itamtuliza." Ndoa si dawa, mama. Usimfundishe binti kuficha vidonge chini ya godoro. Aseme kabla ya harusi, mwenzake achague akijua.

Na akishika mimba asiache dawa ghafla kwa kusikia maneno ya jirani. Amwone daktari, ikiwezekana hata kabla ya kubeba mimba. Wasiwasi wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua upo sana, na sisi manesi tunaupita. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia mzazi aliyekuwa anatetemeka, "Acha kudeka." Namkumbuka mpaka leo. Nilikosea.

8.
Msaada upo. Kifua kikikubana, usijipe jina la ugonjwa mwenyewe, nenda upimwe kwanza. Ikionekana moyo ni mzima, usiridhike na "nenda nyumbani". Ulizia kliniki ya afya ya akili: Amana, Temeke, Mwananyamala, Muhimbili. Kuna tiba ya mazungumzo, na kuna dawa ambazo huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, kwa hiyo usikate tamaa siku ya tatu. Vidonge vya usingizi vya kujinunulia duka la dawa achana navyo, vinajenga utegemezi. Dua na sala endelea nazo, mimi pia nasali. Ila usiache kliniki.

9.
Mama wa binti, najua unanisoma, shoga yako kakutumia. Shikamoo. Sikuandika kukuaibisha. Unaogopa kwa ajili ya mwanao, na hofu hiyo hakuna aliyekuita mgonjwa kwa kuwa nayo.

Uliuliza kabila, ukauliza dini, ukauliza fremu ni yake au ya kupanga. Hukuuliza kitu kimoja: siku akishikwa, nani atakaa naye kwenye ngazi? Jibu lake lilikuja nyumbani kwako likiwa ndani ya bahasha, ukalirudisha.

Nasikia mshenga anarudi Jumapili. Mfungulie mlango.