Gorogoro ya Muislamu
Muislamu anayeuza maharagwe sokoni Madaraka, Thika, au kando ya barabara Ruiru, hupimwa na jirani zake kwa gorogoro yake, mkebe wake wa kupimia, kabla ya kupimwa kwa swala zake. Wateja wake wengi ni Wakristo. Hawatafungua Kurani wajue kwamba sura ya 83, Al-Mutaffifin, inaanza kwa kuwaonya vikali wanaopunja vipimo. Wataona tu kama kitako cha mkebe kimegongwa kikaingia ndani. Upunjaji huu unanikera hasa, maana watu wa Makka walimwita Mtume (S.A.W.) Al-Amin, kwa uaminifu wake, hata kabla hajapewa utume. Na tabia njema haishuki kama mvua. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza kuwa bahili huupata ukarimu kwa kujilazimisha kutoa, tena na tena, mpaka nafsi izoee. Basi muuzaji na aijaze gorogoro hadi imwagike, hata siku ya hasara. Vivyo hivyo, mwenye nyumba za kupanga kule Ruiru, ambaye safu ya mbele msikitini haimkosi, amrudishie mpangaji anayehama pesa zake za amana siku ile ile anapokabidhi funguo.