Kompyuta Kuukuu na Siri ya Mgonjwa

Siri ya mgonjwa ni amana. Kila mhudumu wa afya hufundishwa hivyo tangu chuoni, na wagonjwa hutueleza mambo ambayo pengine hawajawaeleza hata wenzi wao kwa kuwa wanaamini amana hiyo italindwa. Zamani ililindwa kwa faili la karatasi na kabati lenye kufuli. Leo sehemu yake kubwa imo ndani ya kompyuta, na mara nyingi ni kompyuta mpakato yenye umri wa miaka minane au kumi. Hali ya kompyuta hiyo ni suala la huduma kwa mgonjwa, wala si la fundi peke yake. Kwa nyingi za namna hiyo, kuhamia mfumo endeshi huria ndiyo njia nafuu na salama zaidi.

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015. Kompyuta zinazoutumia hazikuzimika. Zinawaka kama jana, na hapo ndipo penye hatari: nyufa mpya za usalama zinapogunduliwa, haziletewi tena viraka, isipokuwa kwa waliojiunga na mpango wa nyongeza ya muda. Mfumo mrithi, Windows 11, unadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni. Hivyo kompyuta nzima, yenye skrini na kibodi visivyo na kasoro, hukataliwa.

Anayeliona jambo hili kuwa dogo akumbuke Mei 2017. Programu haribifu iitwayo WannaCry, ambayo hufunga mafaili na kudai fidia, iliingia katika hospitali za umma za Uingereza kupitia kompyuta za Windows zisizowekewa kiraka kilichotolewa miezi miwili kabla. Miadi inayokadiriwa kufikia 19,000 ilifutwa, na baadhi ya hospitali zikalazimika kuelekeza magari ya wagonjwa kwingine. Uzembe ulikuwa wa kompyuta. Walioumia ni wagonjwa.

Mbadala upo. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi mjini Helsinki. Msimbo wake uko wazi: yeyote aweza kuusoma, kuurekebisha na kuugawa bila ada ya leseni. Miongoni mwa matoleo yake ni Ubuntu, iliyoasisiwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ambayo jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Na Linux Mint, inayoweza kuendeshwa kwa RAM ya GB 2, ingawa GB 4 hufaa zaidi. Matoleo yao ya muda mrefu hupata masasisho ya usalama kwa miaka 5 bila malipo.

Sekta ya afya si mgeni katika uwanja huu. DHIS2, inayopokea takwimu za MTUHA nchini Tanzania, ni programu huria, nayo hufunguliwa kwa kivinjari. KenyaEMR na UgandaEMR zimejengwa juu ya OpenMRS, ambayo pia ni huria. Barua na majedwali huandikwa kwa LibreOffice, inayofungua mafaili ya Word na Excel. Hata lugha yetu ina historia hapa: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi kwa Kiswahili.

Wapo wanaopinga, na hoja zao zina uzito. Baadhi ya vifaa vya maabara, mashine za picha na visoma alama za vidole hutegemea programu za Windows pekee. Kompyuta za namna hiyo zisiguswe. Ziondolewe kwenye intaneti pale inapowezekana, na flashi zisichomekwe ovyo. Wengine huhofia ugeni. Hofu hiyo ni halali, lakini muuguzi anayejua kutumia kivinjari amekwisha kujua sehemu kubwa ya anachohitaji. Tena, Linux isiyosasishwa, yenye nywila moja inayotumiwa na watu wote, haimlindi mgonjwa yeyote.

Kwa hiyo uhamiaji uwe na utaratibu. Mganga mfawidhi na afisa TEHAMA waanze kwa orodha ya kompyuta zote na kazi ya kila moja. Mfumo mpya ujaribiwe kwanza kutoka kwenye flashi, bila kufuta chochote, ili kuona kama printa na mtandao vinafanya kazi. Nakala za mafaili zihifadhiwe mahali pengine, na ithibitishwe kwamba zinafunguka. Wakati wa kusakinisha, diski yote ifungwe kwa nywila, ili mwizi wa kompyuta asiwe msomaji wa majibu ya vipimo. Kila mtumishi awe na akaunti yake. Kompyuta moja ianze, na watumishi waizoee kabla ya kugusa nyingine.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na ya Kenya ya mwaka 2019, zote zinaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza taarifa zake zinatunzwaje, na swali hilo lisichukuliwe kuwa ujeuri. Fedha za kununua kompyuta mpya zikipatikana, na zinunuliwe. Zisipopatikana, ukosefu wa fedha usiwe kisingizio cha kuacha mlango wazi, ilhali kufuli linatolewa bure.